Mwaka Tulipolifuata Jina la Galbraith

Tulimzika Tantine Ngoie Jumatano, na kwenye kilio kila aliyesimama kusema alirudia neno moja: mkali. Mkali kwa watoto, mkali kwa wauza makaa, mkali hata kwa mapadri. Mimi nilikaa mbele, kwa sababu alikuwa dada yake baba yangu na ndiye aliyenilea, nikawa naitikia kwa kichwa tu. Kilioni hubishani na watu waliokuja na unga wao na kuni zao. Lakini moyoni nilikuwa nasema, hawa walimjua mlangoni. Mimi nilimjua jikoni. Na nilimjua hasa mwaka mmoja, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini, nikataka kuolewa, yeye akakataa. Sasa viti vimerudishwa parokiani, wageni wamekwenda zao, na mimi nina maneno ambayo sikuyasema pale.

Tulikaa mimi na yeye katika nyumba ya matofali kwenye kambi ya reli, vyumba vitatu na jiko la nje. Salon, yaani sebule, ilikuwa na viti vinne vilivyovishwa vitambaa vyeupe alivyoshona kwa mkono wake, na ole wako ulaze kichwa chenye mafuta. Radio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa shuka kama mtoto mwenye homa. Asubuhi tulikunywa chai na mihogo ya kuchemsha, mchana bukari, yaani ugali, na mchicha wa lengalenga, Jumapili kuku akipatikana. Alikuwa anasonga bukari kwa mikono miwili huku anaongea, na ukimjibu vibaya alisonga kwa nguvu zaidi, bukari ikatoka laini ajabu. Nasema kweli, chakula kizuri kuliko vyote nilivyokula kwake nilikila siku alizokuwa na hasira na mimi.

Nilikuwa najifunza kuandika kwa mashine shuleni kwa masista, na Firmin ndiye aliyekuja kutengeneza mashine zetu. Alikuwa mwembamba, mzaliwa wa Kasenga, kule mtoni Luapula wanakotoka samaki wetu. Siku ya kwanza aliifungua mashine yangu, akaingiza koleo lake dogo, akatoa punje ya mahindi ya kuchoma. Akaiweka mezani mbele yangu, mbele ya darasa zima. "Mademoiselle," alisema, "mashine hailake mahindi." Niliona haya, halafu nikacheka, halafu mambo yakawa mambo. Jumapili tulitembea kwa miguu mpaka hoteli ya Karavia kuangalia watu wenye nacho wakinywa vitu vya baridi, tukarudi tena kwa miguu, tuna kiu na hatujali.

Kuna jambo lazima niliseme hapa, la sivyo hamtaelewa kwa nini tulichelewa kujua. Miaka ile majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa na serikali. Kitambulisho changu kilisema Numbi Ilunga, na Ilunga lilikuwa jina la babu wa baba yangu. Cha Firmin kilisema Chisenga. Hata hilo "Firmin" lilikuwa la kuitana nyumbani na kanisani tu. Jina letu la zamani, lile lililoandikwa kwenye cheti cha ubatizo cha babu yangu, lilikuwa Galbraith, jina la Scotland. Sisi tulilitamka Galabureti. Lilikaa ndani ya sanduku pamoja na cheti chenyewe, na msichana wa miaka ishirini hakuwa na sababu ya kulitangaza barabarani. Miezi saba nilitembea na Firmin bila kumwambia jina hilo, naye hakuniambia la kwake.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa bado kali, akaja kujitambulisha. Alikuja na mama yake na kikapu cha samaki wa kukaushwa, wakubwa, wamepangwa vichwa nje ili tuvione. Baba Mukubwa, kaka yake mkubwa marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa kichwa cha familia. Alikaa kwenye kiti karibu na radio na glasi ya togwa ya munkoyo mkononi. Alimpenda Firmin, ilionekana. Alimuuliza kazi, akamuuliza parokia, akacheka habari ya punje ya mahindi. Tantine alikaa karibu na mlango wa nyuma, mikono mapajani. Kisha Baba Mukubwa akauliza lile ambalo wazee wote waliuliza enzi zile.

"Bon. Chisenga njo jina ya serikali. Miye nauliza ile ya mbele. Baba yako, padri alimuandikaka jina gani?"

Firmin alimwangalia mama yake. Mama akajibu kwa upole, "Marehemu bwana yangu alikuwa Galabureti. Galabureti wa Kasenga."

Baba Mukubwa aliiweka glasi chini polepole. Mimi nilitaka kucheka, nikadhani ni ajabu ya Mungu, kumbe tuna jina moja. Tantine aliinuka, akakichukua kile kikapu cha samaki, akaenda kukiweka mapajani kwa mama yake Firmin. Kwetu ukirudishiwa kikapu chako kimejaa, umeshajibiwa.

Hadithi tuliyoirithi sisi, ambayo sehemu yake ya Kasenga mimi niliisikia siku ile, ilikuwa fupi. Palikuwa na fundi wa vichwa vya treni, Bwana Galbraith, Mskoti, aliyekuja na reli kutoka kusini. Alikaa kambini miaka mingi, kisha akahamia Kasenga kuangalia injini za boti za mtoni, mwisho akarudi kwao. Babu yangu alizaliwa kambini akaitwa Galbraith, na kila mwaka, kabla ya baridi ya mwezi wa sita, yule mzungu alimletea blanketi. Alipohamia Kasenga akawa analituma kwa lori la samaki. Alipokuwa amerudi kwao Scotland, likaja kwa posta. Na huko Kasenga alizaliwa Galbraith mwingine, naye akawa anapata blanketi lake. Watu waliona nini? Waliona mzungu, waliona watoto wawili wenye rangi ya maji ya kunde, waliona blanketi kila mwaka. Wakajumlisha, wakasema waume wa mama zao walilea tu. Babu mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Ukimuuliza alijifunika blanketi lake akatoka nje. Nadhani ilimpendeza, kwa sababu enzi za wakoloni kudhaniwa mtoto wa mzungu kulikuwa kunamfungulia mtu milango miwili mitatu.

"Sikia," Baba Mukubwa aliniambia mbele ya wote, na sauti yake ilikuwa ya huruma, ndiyo iliyonitisha. "Baba yetu na baba ya hii kijana, mzungu mumoja njo alibazaa. Donc hii kijana iko ndugu yangu miye. Iko baba yako mudogo, Numbi. Mutoto haolewake na baba yake mudogo."

Mama yake Firmin alikuwa bado na kikapu mapajani. "Kwetu tulijua iko majina tu," alisema. "Majina, si damu."

Majina ndivyo tunavyomwita somo hapa kwetu, mtu unayeshiriki naye jina. Ukimpenda mtu, au amekutendea wema, unampa mtoto wako jina lake. Basi huyo mwenye jina ana deni la heshima kwa mtoto, humvisha, hamwachi apigwe na baridi. Zamani kila mtu alijua hivyo. Lakini sisi watu wa kambi tulikuwa tumeletwa kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli, kila nyumba na desturi zake, na mpaka wakati wangu majina alikuwa mtu wa kutaniana naye sokoni tu, basi. Habari ya kumvisha ilikuwa imesahaulika.

"Nani shahidi, Mama?" Baba Mukubwa aliuliza.

"Benye balijua bote balikufa."

"Voilà," alisema Baba Mukubwa, na akaonekana amechoka.

Walipoondoka nilikwenda kuosha vyombo nyuma ya nyumba. Dirisha la salon lilikuwa wazi, na wale wawili ndani walidhani nimekwenda kulia chumbani. Nilimsikia Tantine akisema, "Usiache mutoto apite njia yenye miye nilipita." Baba Mukubwa akamwambia, "Weye ulikuwa haujue." Kisha Tantine akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Siku ya kwanza sikujua. Siku ya pili nilijua, na siku ya pili nilimupenda vilevile."

Nilisimama pale na sufuria mkononi. Nilichukua muda kuelewa, kisha nikaelewa, na mengine nilikuja kuyajazia baadaye. Yule Galabureti wa Kasenga, marehemu baba yake Firmin, alikuwa amewahi kuja mjini akiwa kijana, analeta samaki. Tantine alikuwa na miaka kumi na minane. Walipendana, wakalicheka jina lao moja kama nilivyotaka kulicheka mimi, mpaka alipoletwa nyumbani na wazee wakasema huyu ni ndugu wa baba yako. Akarudi Kasenga, akaoa, akazaa, akafa. Tantine hakuolewa. Watu walisema ni kwa sababu ya ukali.

Mngetegemea nimhurumie. Sikumhurumia. Nilimkasirikia kwa namna ambayo hata leo naionea haya. Nilijiambia, huyu alikosa wa kwake, sasa anataka na mimi nikose. Siku tatu sikugusa chakula chake. Kila mchana aliweka sahani yangu mezani, akaifunika, jioni akaifunua, akala yeye kilichopoa, kesho yake akaweka tena. Siku ya nne nilikula kwa sababu ilikuwa sombe, kisamvu cha karanga, na mimi si mtakatifu. Lakini nilimwambia, mdomo umejaa, "Tantine, siwezi kumuacha." Akajibu, "Najua. Hata miye sikuweza. Lakini nilimuacha."

Nilikwenda kwa padri wetu, mzee mwenye masikio makubwa aliyekuwa hafanyi haraka na jambo lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa damu siwezi kubariki," alisema. "Kwa jina nabariki hata kesho. Niletee karatasi." Karatasi ningeitoa wapi? Rejista ya ubatizo iliandika jina la mtoto na la mama. Mahali pa baba, kwa babu yangu na kwa baba yake Firmin, mwandishi wa zamani alikuwa ameacha wazi. Padri akafikiri, akauliza, "Hayo mablanketi, kwenye posta yalifungwa na nini?" Swali la kipumbavu, nikaona. Lakini Firmin alilipeleka kwa mama yake, aliyekuwa akikaa naye mjini, na mama akakumbuka kwamba vifurushi vilishonewa ndani ya turubai, na mama mkwe wake hakutupa kitu. Firmin akapanda lori kwenda Kasenga. Alirudi baada ya siku tano na kipande cha turubai kilichokuwa kimeshonwa kuwa mfuko wa chumvi, kinanuka samaki mpaka padri akakishika kwa vidole viwili. Ndani yake, kwa wino uliofifia, palikuwa pameandikwa mahali kilikotoka: nyumba namba fulani, barabara fulani, mji karibu na Glasgow.

Padri aliandika barua kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu. Aliuliza kama yuko mtu yeyote wa ukoo huo aliye hai. Kama Bwana Galbraith aliacha watoto huku. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kujua, aliuliza pia ukoo wenyewe ulitoka wapi. Barua ikaenda mwezi wa tatu. Halafu tukangoja. Mvua zikaisha, baridi ikaja, majani yakakauka, watu wakaanza kuchoma nyasi pembeni mwa mji na majivu yakawa yanatua juu ya nguo zilizoanikwa. Kila Jumapili baada ya misa Firmin alikuja mpaka kwenye geti. Tantine hakumruhusu kuingia, wala hakumfukuza. Alimtolea glasi ya maji, akasubiri anywe, akaichukua glasi. Mama mmoja jirani alinitania kwamba mchumba wangu anakuja kupimwa kiu. Nilicheka, lakini usiku nilikuwa nimeanza kufikiri habari ya kuwa sista, na kwa mtu aliyenijua hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi, bahasha nene. Padri hakuifungua. Alisema ni ya familia zote mbili, basi isomwe mbele ya wote. Jumapili ile Tantine alipika tangu alfajiri, akamwita padri aje na bahasha, akamwita mama yake Firmin, akamwita Firmin, akamwita Mwalimu Kalenga aliyefundisha Kiingereza na aliyesomea ng'ambo ya mpaka, Ndola. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili Firmin alikaa kwenye kile kiti chenye kitambaa cheupe. Alikaa mbele kabisa, asikiguse na kichwa. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa, lakini Baba Mukubwa alisema tusome kwanza, maana habari ikiwa mbaya tutapoteza chakula bure.

Barua ilitoka kwa mpwa wa Bwana Galbraith, mama mzee, mwalimu aliyestaafu. Mwalimu Kalenga alisoma kimyakimya sentensi moja, kisha akatuambia, kisha nyingine. Yule mama alianza na jina. Alisema jina Galbraith ni la lugha ya zamani ya milima ya kwao, na maana yake ni Mbritoni mgeni. Wabritoni walikuwa taifa jingine, wenye lugha nyingine. Watu hao walihama kutoka ufalme wao zamani sana, wakakaa kando ya ziwa kubwa miongoni mwa wenyeji, na wenyeji wakawaita wageni. Karne zikapita, wakaoana na wenyeji, wakasahau lugha yao, na bado waliitwa wageni. Baadaye wengine walihamia kisiwa kidogo upande wa magharibi. Kisha mkubwa wa ukoo akapoteza ardhi yote, akavuka maji kwenda Ireland. Kutoka Ireland wengine wakaenda Amerika. Babu yake huyo mama aliacha kisiwa akaja Glasgow kujenga meli. Na mjomba wake alipanda meli mojawapo akaja kwetu. "Kwetu sisi," aliandika, "ni nadra mtu kuzikwa alikozikwa babu yake."

Baba Mukubwa alisikiliza haya kwa makini sana. "Aba bantu," alisema, "baliitwa bageni kwabo?" Mwalimu akasema ndiyo, mpaka leo jina ndilo hilo. "Basi ni kama siye hapa," alisema Baba Mukubwa. "Baba yangu alizaliwa hapa, miye nimezaliwa hapa, na bado kuko benye bananiulizaka nitarudia lini kaskazini." Siku hizi, baada ya jina kurudi kwenye vitambulisho, wajukuu wa Baba Mukubwa wanaliandika kwenye simu zao na wanapata barua kutoka Kanada na wapi, watu wenye nywele nyekundu wanauliza sisi ni Galbraith wa tawi gani. Mimi huwaambia wajibu: wa tawi la majina. Lakini Jumapili ile sikujali ziwa wala kisiwa. Nilikuwa nahesabu kurasa zilizobaki mkononi mwa Mwalimu.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa maneno ya mtu mwingine. Yule mama alikuwa amenakili maneno ya mjomba wake kutoka barua alizowaandikia nyumbani, na Mwalimu akaomba maji kwanza. Firmin alinitazama. Nilitazama sakafu.

"'Mchochea moto wangu, Ilunga,'" Mwalimu alisoma, "'aliyenivuta kutoka chini ya behewa mwaka jana, amepata mtoto wa kiume na amempa jina langu. Nimeambiwa kwamba sasa ni wajibu wangu kumvisha mtoto, na kwamba wajibu huo hauishi. Mnitumie blanketi zuri.'" Akageuza karatasi. "'Nimerudi Kasenga baada ya likizo ya mwaka mzima kwenu. Chisenga, anayeongoza boti, na mkewe wamenipokea na mtoto wa wiki mbili, tayari ana jina langu. Wanasema walimpa ili nirudi. Sasa nina somo wawili Afrika, na mimi ambaye sikuoa nitafilisika kwa mablanketi.'"

Chini yake yule mama aliongeza mstari wa kwake: kwamba alipokuwa msichana, yeye na dada yake ndio waliokuwa wakishona turubai, na kila mwaka waligombana ni nani ashone, na kama watoto wale wawili wako hai, anawasalimu.

Padri alihesabu kwa vidole, taratibu kama kawaida yake: mwaka mzima ng'ambo, mtoto wiki mbili. Akahesabu tena, akasema, "Nabariki." Mama yake Firmin alifunika uso kwa kitenge. Baba Mukubwa alikuwa ameshika pua yake, ambayo alikuwa ameisifia maisha yake yote kwamba ni nyembamba.

"Donc siye hatuna damu ya mzungu hata kidogo?"

"Hata kidogo," alisema Mwalimu.

"Na hii pua?"

"Pua iko ya Ilunga," mama yake Firmin alimjibu kutoka ndani ya kitenge, na hapo ndipo watu walipoanza kucheka, naye Baba Mukubwa mwenyewe akacheka mpaka akamwaga munkoyo kwenye kitambaa cheupe. Nilikuwa na njaa, njaa ya miezi minane, na nilifunua sahani ya kwanza iliyokuwa karibu nikala paja la kuku nimesimama, mbele ya padri, mbele ya mama mkwe wangu. Tulioana mwezi wa kumi na mbili, mvua inanyesha, na mama mkwe mpaka anakufa alikuwa anasimulia habari ya lile paja.

Nilipokuwa nafuta mikono ndipo nilipoona kiti cha Tantine kiko tupu.

Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, moto umeshazimika. Nilidhani nitamkuta analia, na nilikuwa nimejiandaa. Sasa nilikuwa na moyo wa kumhurumia, maana kwangu mambo yalikuwa yametengemaa. Hakuwa analia. Alikuwa ameweka mikono magotini, anaiangalia.

"Alisoma ile ya wiki mbili?" aliniuliza.

"Alisoma, Tantine."

"Na yule mzungu alikuwa kwabo mwaka muzima."

"Mwaka muzima."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kusema, bila kuniangalia, na mimi nilikaa chini kwenye saruji. Alisema kila Pasaka, miaka ishirini na minane, alikwenda kuungama dhambi ileile. Mapadri walibadilika, dhambi haikubadilika. "Namuambia, padri, nilipenda ndugu ya baba yangu. Ananiuliza, umeacha? Namuambia, yeye iko kwake, miye niko kwangu, lakini sijaacha. Ananipa sala, nasali. Mwaka inarudi, naona ingali pale. Aliisha kufa, na ingali pale." Alipangusa vidole kwenye kanga ingawa havikuwa na kitu. "Numbi, haikukuwa zambi. Nilimupenda muntu. Muntu tu, kama bantu bote banapenda bantu."

Nikasema la kijinga. "Tantine, haikuumi? Ile miaka yote?"

"Itaniuma kesho," alisema. "Leo, acha nipumuzike."

Akavuta pumzi, na niliona mabega yake yakishuka. Nilikuwa nimeishi naye tangu nikiwa na miaka sita, na sikujua kwamba mabega yale yanaweza kushuka; nilidhani Mungu alimuumba nayo juu. Kule ndani walikuwa wanamwimbia mtu, nadhani Baba Mukubwa na pua yake. Kisha Firmin akatokea mlangoni kunitafuta, akamwona Tantine, akataka kurudi nyuma.

"Ingia," Tantine alimwambia. "Kaa."

Hapakuwa na mahali, akakaa juu ya gunia la makaa na suruali yake ya Jumapili. Miezi ile yote Tantine alikuwa amemtolea maji kwenye geti, na hakuwahi kumuuliza hata neno moja la kwao. Sasa alimwangalia usoni kwa muda mrefu, akimtafuta mtu mwingine mle.

"Baba yako," alisema. "Niambie juu yake."

Firmin alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kwa uangalifu, na ndivyo alivyo mpaka leo. "Baba alikuwa muntu muzuri," alisema. "Alikuwa muntu wa kunyamaza. Anaweza kaa siku muzima kwa mutumbwi, haseme neno. Siye batoto tulikuwa tunamuogopa kidogo."

Tantine alimtazama. Halafu akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo, yote pamoja, na hakuyafuta.

"Kunyamaza? Yule? Yule alikuwa anaongea mpaka samaki zake zinaoza."

Firmin alisema yeye hakuwahi kumjua hivyo. Tantine akasogeza kigoda chake karibu na lile gunia, akamshika mkono, akaanza kumweleza baba yake alivyokuwa.